Sauti Yangu Nyumbani kwa Mama Mkwe

Jumatatu, 1 Septemba 1958

Nimepata kiti! Polycarpe, msomaji wa redio, amepanda treni asubuhi kwenda Kisenge, kwenye harusi ya kaka yake, na Bwana Wauters, fundi saa, amenitaka mimi nisome salamu za jioni katika redio yake hapa Kolwezi mpaka huyo arudi. Mimi! Kabeya Télesphore, karani wa vizazi na vifo, ambaye hata jina la mtu dirishani naliita kwa kunong'ona.

Redio yenyewe ni chumba kimoja cha matofali juu ya kichuguu, nyuma ya duka la saa. Kichuguu kikubwa kuliko nyumba yangu. Juu yake mlingoti na waya wa shaba. Nguvu zake ni haba mno. Ukivuka reli, sauti inakufa. Watu wa redio ya Elisabethville wanapiga kelele mpaka Kasai, wala hapa hakuna anayewajali. Kichuguu kinanong'ona tu, na cité nzima, mtaa wetu sisi Waafrika, inatega sikio. Sababu ni rahisi. Elisabethville hawajui kwamba mbuzi wa Mama Bilonda amepotea. Kichuguu kinajua, na kinamjua aliyemwona mara ya mwisho.

Lakini mimi nina sababu yangu. Fidélie! Wazee wake wamekwisha kupokea zawadi ya kwanza, ila siku ya ndoa baba yake, Tata Badibanga, hataki kuitaja. Kila jioni anakaa mbele ya redio yake, iliyowekwa juu ya kitambaa cha kufuma, akimsifu Polycarpe. Eti ule kijana iko na sauti ya asali. Na Polycarpe hajaoa! Jumapili nilimwona akimshikia Fidélie mwavuli. Jua lenyewe halikuwepo.

Mpango: Tata Badibanga anizoee mimi mezani pake. Polycarpe akirudi, siku itakuwa imetajwa.

Jumanne, 2 Septemba

Nimesoma! Karatasi zilisikika kama moto wa nyasi. Nikazimaliza salamu zote mapema kwa sababu ya kukimbia. Bwana Wauters akanizungushia mkono: endelea, endelea! Kimya ni sumu ya redio, anasema. Nikasalimu watu waliokuwa kichwani mwangu. Katekista. Mapadri. Tata Badibanga, kapita, msimamizi hodari wa mgodini. Na mwishowe Mama Mbombo, mke wake, nikimtakia chakula chema cha jioni.

Bwana Wauters akaninyanyulia kidole gumba. Nilirudi nyumbani kwa baiskeli nikiimba. Nadhani nilikuwa mzuri sana.

Jumatano, 3 Septemba

Mungu wangu! Mungu wangu!

Fidélie alikuja ofisini, akapanga foleni kwenye dirisha la vizazi. Watu wote wakamtazama tumbo. Akaniinamia akanieleza. Jana, wakati ule ule niliomtakia chakula chema, mama yake alikuwa anakula.

Anakula! Na mimi ni mkwe wake tangu zawadi ya kwanza! Kwetu sisi watu wa Kasai, mkwe hamwoni mama mkwe akila, hataji jina lake, hasimami mbele yake. Ukimkuta njiani, unampisha kwa kuingia majanini. Mwezi uliopita nililala mtaroni nyuma ya soko, na suruali nyeupe, ili apite. Mimi ndiye kijana mwenye adabu kuliko wote! Na sasa nimeingia nyumbani mwake bila hodi, nimemwita kwa jina, nimemtakia chakula chema na tonge likiwa mkononi!

Fidélie anasema mama yake alijifunika kitenge kichwani akaruka nje kwa mlango wa jikoni, akaangusha beseni la samaki, akipiga kelele: "Buko ameingia! Buko ameingia na mi ninakula!" Buko ndiye mkwe, yaani mimi. Tata Badibanga alibaki na redio mikononi, asijue aifunge au aikaribishe kiti.

Nilimwambia Fidélie kwamba miguu yangu ilikuwa kwenye kichuguu. Akajibu niyaseme hayo Jumapili, mbele ya wazee. Kisha akapita pembeni, na mwanamke aliyemfuata akanipongeza kwa mtoto.

Jumapili, 7 Septemba

Kikao, kwenye barza ya Tata Badibanga. Mama mkwe nyuma ya ukuta, kama inavyotakiwa. Mimi kwenye kigoda kifupi kuliko vyote.

Mzee Kazadi, mjomba wa Fidélie, alinitetea. Alisema sauti haina miguu, na kitu kisicho na miguu hakiingii nyumba ya mtu. Nikaanza kupumua. Ndipo Tata Badibanga akamwuliza: Noeli iliyopita, Monseigneur, askofu wetu, aliposema katika redio hii hii, mbona Kazadi alivua kofia? Mzee Kazadi akaiangalia kofia yake.

Nikajitetea mwenyewe. Nikasema kila siku wanaume wa Elisabethville na hata wa Brussels wanasema ndani ya nyumba hii, mama akiwa anakula, na hawajaitwa kwenye kikao. Hoja nzuri! Niliiandika usiku kucha kichwani.

Tata Badibanga akacheka. "Bale ba mbali haiko batu, mwana. Iko makelele tu. Lakini Kichuguu ni hapa! Tulikusikia ukikohoa. Tulisikia imbwa ya Bwana Wauters ikilia ndani ya redio, na inje ikilia ile ile." Akawageukia wazee. Redio ya mbali ni upepo, akasema. Redio ya karibu ni mtu.

Na kutoka nyuma ya ukuta, sauti ya mwanamke, ikiuambia ukuta, si mimi: "Nilisikia hata tumbo yake ikilia!"

Ni kweli. Nilikuwa sijala. Nilitamani ardhi inimeze, kigoda na vyote.

Hukumu: niliingia. Nitoe mbuzi. Na siku ya ndoa haitatajwa mpaka neno hili lipoe. Sikuthubutu kuuliza neno hupoa kwa muda gani.

Jumatano, 10 Septemba

Mtu mwingine angekiacha kiti. Lakini hapo Bwana Wauters angemwandikia Polycarpe arudi upesi. Kamwe!

Mpango wa pili, tangu Jumatatu: kengele. Nagonga kipande cha reli kabla ya kusema, mama mkwe anasikia, anatoka, nasalimu watu, hakuna kosa. Adabu kamili.

Sikufikiri atatoka aende wapi. Kwa jirani nipo. Kwa jirani wa jirani nipo. Sokoni nipo katika kipaza sauti cha baa. Basi kila jioni Mama Mbombo anajifunika kitenge na kutembea hadi ng'ambo ya reli, mahali ninapokufa. Na kwa kuwa mama mwenye aibu haachwi peke yake, majirani wanamsindikiza. Sasa nusu ya wanawake wa cité wanakaa kule na karanga zao, na vicheko vyao vinanifikia juu ya kichuguu, mimi nikisomea wanaume salamu za wake zao.

Bwana Wauters amefurahi. Siku zote alitaka kujua redio yake inafika wapi. Leo alitoka na darubini akatazama wanawake wameketi wapi, akachora kwenye ramani.

Lakini hakuna chakula cha jioni katika cité. Nimekutana na Tata Badibanga njiani. Hakunisalimu. Alilishika tumbo lake kwa mikono miwili, akanionyesha.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimeokoka! Kibanio cha nguo!

Kilikuwa kwenye kamba ya Bwana Wauters, cha mti, chenye meno makali. Nimekibana puani. Ikatoka sauti nzito, ya mtu mzima, ya mtu aliyeona mengi na kuvuta tumbaku nyingi. "Batu ba Kolwezi, jioni njema. Mi ni Kalenga, mugeni wenu wa Lubudi." Kengele sikuipiga. Ya nini? Kalenga si mkwe wa mtu!

Wanawake hawakuondoka. Moshi ukapanda kila jiko. Mlango ulikuwa wazi kwa ajili ya joto, nikasikia sauti yangu ikinirudia kutoka dirisha la Tata Badibanga, hapo chini. Nikasema neno juu ya waume wanaokumbuka njia ya nyumbani kwa harufu ya samaki tu. Na kutoka dirisha lile lile, kicheko cha Mama Mbombo. Sijawahi kukisikia maishani. Machozi yalinilengalenga, ingawa labda ni kibanio.

Jumatatu, 15 Septemba

Kalenga anapendwa. Kalenga haogopi! Anawagombeza wanaume wasioleta kuni. Anampa pole mjane kwa jina la marehemu. Amempata mbuzi wa Mama Bilonda (alikuwa kwa katekista). Maneno ambayo mimi nisingeyasema hata kwa mto wangu wa kulalia, yeye anayasema mbele ya cité nzima. Pua yangu ina alama mbili nyekundu. Bwana mkubwa wa ofisi ameniuliza ni mnyama gani.

Leo jioni kimeletwa chungu kwenye kichuguu. Bukari ya moto (ugali wetu), sombe ya majani ya muhogo, na viwavi vya kukaanga, juu yake kitambaa safi. Kwa Tata Kalenga, kutoka kwa Mama Mbombo. Mkwe asiyekwisha kuoa hali chakula cha mkono wa mama mkwe. Nilikitazama kwa muda mrefu. Kisha nikakumbuka kwamba hakikuletwa kwangu.

Kilikuwa kitamu sana.

Nilipokuwa nafuta chungu na kidole, Fidélie akatokea mlangoni. Nikaruka. Akasema ana ujumbe. Mama yake anasema msichana aliyechumbiwa na karani anayeingia nyumba za watu kwa njia ya sanduku anaweza bado kurudishiwa uhuru wake. Na anauliza: huyu Tata Kalenga ana mke?

Nilienda kuiegemea baiskeli yangu. Tulianguka wote wawili.

Siku zote hizi namwogopa Polycarpe, kumbe mpinzani ni huyu! Ana sauti nzuri kuliko yangu, ana moyo kuliko wangu, na amekula chakula cha mama mkwe! Nitamshinda vipi? Fidélie aliniangalia pua. Akachukua chungu akaenda.

Jumatano, 17 Septemba

Kalenga lazima aondoke. Kwanza nilifikiri kumrudisha Lubudi. Lakini Mama Mbombo ana dada yake Lubudi. Angemtafuta kule, wangemwulizia kituoni, wangetuma watu. Nimefikiri kwa makini. Ilibaki njia moja tu isiyo na anwani.

Jioni nikagonga kengele, bila kibanio, kwa sauti yangu mwenyewe. Nikatangaza kwa masikitiko makubwa kwamba ndugu yetu Kalenga amefariki ghafla.

Bwana Wauters, ambaye Kiswahili chake ni jambo na lete maji, akaninyanyulia kidole gumba.

Kisha kimya chini kule. Kisha kilio katika nyumba moja. Nyumba ya pili. Ya tatu. Kikashuka na barabara mpaka mwisho, kama mtu anayefungua milango. Sikukitegemea kilio! Nilidhani watasema masikini, wataendelea kula.

Alhamisi, 18 Septemba

Nimeandika haya nikiwa nimelala, mguu juu ya mto.

Matanga! Tangu asubuhi wanawake wako juu ya kichuguu na mikeka na vyungu, Mama Mbombo mbele. Wanaimba. Wanasema amekufa mtu wa pekee aliyewaona. Ofisini, bwana mkubwa akaniita. Aliniuliza kwa Kifaransa, polepole, inakuwaje mtu anayeliliwa na cité nzima hajafa katika ofisi yetu. Ofisi yangu! Vifo ni kazi yangu! Nilijibu kwamba marehemu bado hajafika. Akavaa kofia yake, akasema twende kumtafuta.

Kwenye kichuguu wazee walikuwa wanauliza maiti iko wapi. Ndipo Polycarpe akapanda, na sanduku lake, vumbi la treni mabegani. "Kalenga gani, ba tata? Humu ndani iko kiti kimoja tu!" Wote wakakitazama kiti. Kisha wakanitazama mimi.

Mzee Kazadi, kwa huruma, akasema basi karani aseme neno la kumuaga ndugu yake wa kazi. Wakanisukuma kwenye maikrofoni. Nyuma yangu bwana mkubwa. Mlangoni Polycarpe, meno yote nje. Dirishani Fidélie. Mbele yangu kabisa, chini ya kitenge, mama mkwe, na mimi nimeinamisha macho hadi shingo inauma. Hofu ikanishika nikalia. Machozi ya kweli. Yakajaa puani, pua ikaziba. Nikafungua kinywa.

Akatoka Kalenga.

Kinywani mwangu, na katika kila dirisha la cité, mzito, mtu mzima, mwenye tumbaku yake: "Batu ba Kolwezi..."

Wanawake walishuka kichuguu bila kutafuta njia. Vyungu vilitangulia. Mbwa wa Bwana Wauters alilia ndani na nje. Bwana mkubwa aliniambia neno ambalo mapadri hawakutufundisha. Mama Mbombo peke yake hakukimbia. Alifunua kitenge usoni. Akanitazama. Macho kwa macho, yeye na mimi, mara ya kwanza.

Kwa heshima yake, nikaruka dirisha la nyuma. Upande ule kichuguu ni mwinuko mtupu.

Jumapili, 21 Septemba

Kikao cha pili. Safari hii nilipewa kigoda cha mguu pia.

Walihesabu makosa: kuingia, kula, kutazamwa, kufa. Mzee Kazadi akathubutu kusema kwamba mfu hatozwi mbuzi. Nikamtazama kwa shukrani. Tata Badibanga akasema mfu huyu ana baiskeli na kazi ya ofisi, atatoa.

Ndipo Fidélie akasema, akisimama, mbele ya wanaume wote. Alisema alimtambua Kalenga jioni ya kwanza, maana Kalenga hukohoa kabla ya kusema jina la mtu mkubwa, kama Kabeya. Mimi sikujua kwamba nakohoa! Baba yake akageuka, akamwuliza kwa nini alinyamaza. Akamjibu: na wewe, tata?

Tata Badibanga akakuna goti. "Ehe. Na mi nilijua. Lakini bukari ilikuwa inapikwa."

Wazee walicheka hata mmoja akatoka nje. Nyuma ya ukuta hakuna aliyecheka. Nilijua ndoa yangu iko upande ule wa matofali. Halafu sauti ikauambia ukuta kwamba uwaambie watu hawa: sauti ya Kabeya isiingie tena nyumba hii mpaka aje na miguu yake, siku ya ndoa. Akiapa, siku itajwe. Ikiingia tena hata mara moja, arudishiwe zawadi yake, aende kuoa redio.

Nimeapa! Mkono juu ya Biblia, mguu juu ya kigoda. Tata Badibanga ameitaja siku: Jumamosi ya kwanza ya Desemba. Ameitaja! Fidélie amenitabasamia. Bwana mkubwa naye amesamehe, kwa sharti kwamba nikiua mtu mwingine nimwandikishe.

Sitagusa maikrofoni tena maishani. Nimejifunza. Adabu, ukweli, kunyamaza.

Jumatano, 24 Septemba

Polycarpe anaharibu kila kitu. Anasoma salamu kama anaita mizigo ya stesheni. Hajui mbuzi wa nani. Hajui mjane ni nani. Sokoni wanawake wanasema jioni zimekuwa baridi. Bwana Wauters amekuja ofisini mwenyewe, kofia mkononi, akapanga foleni kwenye dirisha la vifo, kuniomba nirudi kitini.

Nikafikiri kwa makini sana. Niliapa nini? Sauti ya Kabeya isiingie. Haitaingia! Kalenga naye amekufa, cité yote imemlilia, habari yake imekwisha. Lakini marehemu huwa na mdogo wake. Na mdogo wa marehemu huja kuwashukuru waliolia. Hilo si hila, hilo ni adabu! Asipokuja ndipo watu watashangaa.

Kibanio cha nini tena? Pamba mbili mashavuni. Sauti nene, changamfu, ya kijana aliyekula vizuri. Na sikukohoa hata kidogo. "Batu ba Kolwezi, aksanti kwa machozi yenu. Mi ni Nkulu, mudogo wa marehemu."

Nikatega sikio mlangoni. Dirisha la Tata Badibanga. Hakuna beseni lililoanguka. Hakuna aliyekimbia. Nikasikia kigoda kikivutwa karibu na redio. Basi! Rahisi hivi!

Fidélie alinisubiri chini ya kichuguu. Akasema mama yake amemtuma. Anauliza kama huyu Nkulu ana mke, kwa sababu Mbelu, mdogo wake Fidélie, amemaliza shule kwa masista. Kisha akakunja mikono, akanitazama usoni, akangoja. Alingoja sana, kama mtu anayemshikia mwingine mlango.

Nilitoa pamba. Nikamjibu kwamba nitamwuliza Nkulu.